Herini Zinazolala Upande

Msusi wangu ndiye aliyeanza.

"Inua kichwa," aliniambia. Nikainua. Haikupita dakika akakisukuma tena kwa kiganja, jinsi mtu anavyonyoosha picha ukutani. "Aki, kichwa chako kinalala huku leo. Ulilalia shingo vibaya?"

Mimi si mtu wa kusukumwa kichwa. Nilikuwa nimeketi wima, na nilikuwa karibu kumwambia hivyo, tena kwa sauti, nilipojitazama kwenye kioo. Kichwa changu kilikuwa sawa. Kilichokuwa kimelala ni herini.

Ilikuwa wiki ya Pasaka, saluni imejaa, nami nimevaa pembetatu zangu za mpingo, ndefu kama kidole cha kati, kila moja ina mstari mmoja mweupe wa mfupa unaoshuka kutoka juu hadi kwenye ncha. Ya kulia ilining'inia inavyotakiwa, ncha ikielekea begani. Ya kushoto ilielekea taya. Ilikuwa kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Ua la shanga likilala hivyo hakuna atakayegundua, kwa sababu ua halina wima. Pembetatu ina wima. Ikilala, uso mzima unaonekana umelala nayo, na watu wanaanza kukuuliza habari za shingo yako.

Nilizivua nikazilinganisha kiganjani. Tundu la ile ya kushoto, pale inapopita kulabu, halikuwa katikati. Nilizifunga kwenye leso, nikamwambia msusi aendelee. Herini zile zilikuwa kazi ya baba yangu, na baba yangu hakuwa amewahi kukosea tundu.

Baba ni mchongaji. Alitoka Ukambani akiwa kijana, tezo yake ya kuchongea ndani ya gunia, na kwa miaka mingi akachonga twiga, vifaru na watu warefu wasio na nyuso chini ya banda la mabati, yeye na wenzake wa kwao, kazi ikienda kwa watalii. Wanunuzi walipopungua, na mama alipofariki, nilimleta kwangu Nairobi, mtaa wa Tena, kwenye nyumba ya chini yenye kiuwanja cha nyuma kinachotosha kamba mbili za nguo na vigoda viwili. Ananiita mama, maana nimepewa jina la mama yake. Wakati huo nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi, na nilipenda herini kubwa za plastiki za mjini. Siku moja alinishika sikio, akaipapasa niliyovaa, akauliza, "Mama, hiki ni nini? Kifuniko cha soda?"

Wiki hiyo alinichongea jozi ya kwanza: miraba miwili ya muhugu, mti ule mwekundu unaonukia, iliyotobolewa katikati, na ndani ya uwazi duara la mpingo linalocheza peke yake. Wanawake watatu walinisimamisha njiani kati ya nyumbani na kazini. Kabla mwaka haujaisha niliacha ukarani, nikaweka meza mtaa wa Umoja, baba akichonga, mimi nikiuza.

Kusema kweli sikuwa nauza tu. Nilikuwa nawapangia watu nyuso zao, na siwezi kudai nilikuwa mpole. Mwenye uso wa mviringo akishika maduara, nayachukua mkononi mwake nampa kitu chenye pembe. Mwenye shingo fupi namwambia asivae kinachofika begani, kitamkata. Achukue nusu duara inayoishia chini kidogo ya sikio. Ukivaa herini kubwa, mkufu uache nyumbani. Nywele zipande juu, au zote ziende nyuma, au upande mmoja ufunikwe na mwingine uonekane, lakini usichukue mpingo wa baba yangu ukauzike chini ya misuko. Na kama gauni ni la kitenge chenye kelele, herini iwe ya rangi moja, kwa sababu haviwezi kuongea vyote kwa pamoja. Wateja walinikasirikia, wakajitazama kwenye kioo, wakanunua.

Baba hakutumia rula. Rula, alisema, ni ya fundi wa kabati. Mchongaji hupima kwa jicho na kidole gumba, na akishapata kitu cha kwanza, vinavyofuata vyote hutoka sawa na hicho. Nimemwona akikata pembetatu ishirini huku anasikiliza habari redioni, nikazipanga moja juu ya nyingine, kingo zote zikalingana. Alikuwa na nadhiri yake pia, aliyoirudia mbele ya yeyote aliyekuja kutazama kazi. "Siku nitakosa tundu, naweka tezo chini. Si kesho yake. Siku hiyo hiyo."

Hakuwa anatania. Mwenzake wa miaka yote, waliyeketi naye kigoda kwa kigoda pale bandani, mikono ilianza kumtetemeka, akaweka tezo chini akarudi kijijini kupumzika. Alipumzika miezi minane. Baba aliporudi kutoka kwenye mazishi aliniambia hakukuwa na ugonjwa wowote uliojulikana, mtu alikosa tu cha kuamkia.

Kwa hiyo sikumwambia.

Badala yake nilifanya kitu alichonifundisha yeye mwenyewe. Tundu likiwa mahali pabaya, unachukua unga wa mti ule ule, unauchanganya na gundi, unaziba, unaacha ukauke, unapiga msasa, kisha unatoboa upya panapostahili. Ukishapaka nta, jicho halipati kitu. Nilikuwa nayafanya haya mezani kwangu Umoja, nyuma ya kioo cha wateja, nikiinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Mwanzoni ilikuwa jozi moja moja. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa narekebisha karibu nusu ya kila alichonipa.

Nilijiambia nalinda heshima yake. Leo naweza kusema lote: nilikuwa nalinda na meza yangu. Bila mikono ya baba, mimi ni mwanamke anayejua kuwaambia watu kwamba shingo zao ni fupi.

Na hofu haikuwa ya matundu peke yake. Mtu asiyeona tundu la herini alikuwa ameshika tezo na patasi siku nzima. Nilianza kuona niliyokuwa nimeyapuuza. Chai aliimimina huku kidole chake kimeingia kikombeni, ajue imefika wapi. Kule kwa wazee wanaocheza drafti, hakucheza tena. Aliketi pembeni akiwashauri wasiharakishe, ushauri ambao hauhitaji kuona ubao. Alikuwa na plasta kwenye kidole gumba, ikitoka hii inakuja nyingine, na nikimuuliza anasema ni vibanzi vya mti. Siku nilizoshinda nyumbani nilisikiliza tezo kutoka jikoni. Ikigonga, napumua. Ikinyamaza, nasimama na mwiko mkononi mpaka igonge tena.

Nilijaribu mara moja. Nilimwambia kanisani watapima macho bure baada ya ibada.

"Wapime wenye shida," akasema, na akaongeza sauti ya redio.

Mwezi wa nane alikuja mezani kwangu msichana mmoja wa mtaa wa Pipeline, kule kwenye magorofa yaliyobanana, aliyekuwa anaolewa, ameandamana na shangazi yake, mama mnene mwenye daftari, aliyekuwa ameshika mambo yote ya mavazi katika kamati ya harusi. Msichana alikuwa na shingo ndefu, uso mwembamba, nywele fupi zake mwenyewe. Shangazi alikuwa ameshaamua.

"Lulu ndogo," alisema. "Bibi harusi wa heshima huvaa lulu."

"Lulu ndogo kwenye shingo hii zitapotea," nikamwambia. "Gauni likoje?"

Msichana alinionyesha picha kwenye simu. Jeupe tupu, shingo imekatwa moja kwa moja kutoka bega hadi bega, hakuna shanga wala ua. Ukuta mtupu kama ule humwangukia mtu wa kazi yangu mara chache sana. Nikachora kwenye karatasi: nusu duara ya muhugu ikae sikioni, chini yake ining'inie pembetatu ndefu ya mpingo, mstari wa mfupa katikati. Mkufu hakuna. Shela ishikwe kisogoni, mbali na masikio, isije ikanasa. Wasimamizi wanne wavae miraba midogo iliyosimama kwa pembe moja, mpingo mtupu, ili bibi harusi peke yake awe na rangi mbili.

"Woiye, hizi zitabamba," msichana akasema, mkono mdomoni. "Aunty, please."

Shangazi aliandika kitu kwenye daftari huku amekunja midomo. Alikubali, lakini uso wake uliniambia ananingoja nikosee.

Msichana aliomba aje kuzijaribu nyumbani kwangu. "Kwetu jua haliingii," alisema. "Mchana tunawasha stima. Nataka kuziona na mwangaza ya ukweli." Tukakubaliana Jumatano, harusi ikiwa Jumamosi.

Baba alimaliza kwa siku tisa. Jozi ya bibi harusi ilikuwa na matundu sita: mawili kwenye kila nusu duara, moja kwenye kila pembetatu. Manne yalikuwa yamekosewa. Moja lilikuwa karibu na ukingo kiasi kwamba mti ulianza kupasuka. Nilikaa alasiri nzima, nikiziba na kupiga msasa kwa upande laini kabisa, kisha nta, kisha kitambaa, kisha nta tena. Nilipozitundika kwenye uzi zilisimama wima bila kuyumba. Mimi mwenyewe nilizigeuza juani nisijue nilipoziba. Nilizifunga kwenye karatasi laini, kila jozi na pakiti yake, nikabandika selotepu, kusudi zisifunguliwe ovyo.

Jumatano saa nne asubuhi walifika. Niliweka kioo kikubwa kwenye kiuwanja, jua likakipiga vizuri. Baba alikuwa amevaa koti. Nilipoliona koti nilijua nimeisha, maana nilikuwa nimesahau desturi yake moja: kazi ya harusi haitolewi na mkono mwingine isipokuwa ule ulioichonga. Enzi za banda, mtu akichongewa kigoda cha harusi au mwiko wa mama mkwe, mchongaji mwenyewe alikipapasa mara ya mwisho, akakipa baraka, akakitoa. Kwa meza yangu ya Umoja mambo hayo hayakuwepo. Sasa bibi harusi alikuwa amekuja hadi kwenye kigoda chake.

"Zipo tayari, Baba, nimeshazifunga," nilisema haraka. "Mpe tu hivyo."

"Nani hubariki karatasi?" akasema. Akaipata pakiti, akaipasua.

Nilitazama kidole gumba chake. Kilipita juu ya nusu duara, kikazunguka, kikashuka kwenye pembetatu taratibu. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikasimama tena palepale. Jicho halipati kitu, lakini kidole kile kilikuwa kimepapasa mpingo tangu kabla sijazaliwa.

"Mama," alisema, na sauti haikuwa ya kunifurahia. "Nani amegusa hii?"

Msichana alitabasamu, akidhani ni utani wa nyumbani.

"Hapa kuna tundu limezibwa. Hapa pia. Na hapa." Aliiinua juu kuelekea jua, akiwa anatazama pembeni yake, si yenyewe. "Mimi sikutoboa mara mbili. Nani ametoboa kazi yangu?"

Nilikuwa na majibu mawili tu, na watu watatu wakisubiri nichague. Nikisema ukweli, tezo inawekwa chini leo, mbele ya wageni, amevaa koti. Nilimwona ameketi kijijini bila cha kuamkia. Nikasema, "Ni mimi, Baba."

"Wewe?"

"Nilitaka zishuke kidogo. Nilikosea."

Baba yangu hakuwahi kunigombeza mbele ya watu, hata nilipokuwa mtoto mtundu. Siku hiyo alinigombeza. Alisema nimeitoboa kazi yake kama kichungi cha chai. Alisema ni harusi ya mtoto wa watu, si mchezo wa Umoja. Aliniuliza nani alinifunza kuharibu kisha kuficha, kwa sababu si yeye. Nilisimama nimeangalia vidole vyangu vya miguu, nina miaka arobaini na mmoja, masikio yananiwaka. Niliona aibu, na chini ya aibu nikaona hasira, kwa sababu kila neno alilosema lilikuwa la haki na lilikuwa limekwenda kwa mtu asiyestahili.

"Kumbe ndio hivyo," shangazi alisema polepole. "Mzee anachonga, binti yake anaharibu. Mimi nilisema lulu."

"Lakini Aunty, ona," bibi harusi akasema.

Alikuwa amezivaa mwenyewe. Zilining'inia wima pande zote mbili za shingo ile ndefu, ncha zikielekea mabegani, mstari mweupe umenyooka. Nilimwendea, nikamrudisha nyuma vinywele viwili vilivyotoka kwenye paji, nikamwinua kidevu kidogo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kumpangia mtu, na sikuweza kuifurahia hata kidogo.

Walizichukua, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa karibu na hakukuwa na muda wa kutafuta kwingine. Mlangoni shangazi aligeuka. "Wamama wa kamati nitawaambia wanunue kwa mzee mwenyewe. Zikiwa hazijaguswa."

Baba alisikia, akatikisa kichwa kukubali.

Hata hawajafika barabarani alishatoa amri. Kuanzia siku hiyo kila kitu angemaliza yeye: kutoboa, kulabu, nta. Mimi ningebeba tu kupeleka mezani. Aliniomba msasa wangu na gundi, nikampa. Nilikuwa nimedanganya ili aendelee kufanya kazi, na uongo huo ukaninyang'anya kitu pekee kilichokuwa kinaifanya kazi yake ionekane sawa.

Alhamisi alinipa jozi tatu zilizokwisha kabisa. Niliziangalia nikiwa mezani. Moja ilikuwa na tundu karibu na kona, pembetatu imelala kabisa kama mtu aliyejinyoosha kitandani. Nilizitia chini kabisa ya mkoba. Jioni aliuliza zilikwendaje, nikasema zimenunuliwa zote.

"Umeona?" alisema, na alifurahi kikweli. "Zikiwa hazijaguswa."

Nilienda bafuni nikafungua mfereji ili asinisikie nikilia.

Ijumaa asubuhi aliniita kwenye kiuwanja. Hasira ilikuwa imemtoka. Alisema amefikiri, na ameona kosa si langu peke yangu. Mtoto akifunzwa vibaya, aliyemfunza arudie somo. Aliniketisha kwenye kigoda cha pili, magoti yetu yakigusana, akaweka kipande cha mpingo juu ya gogo dogo kati yetu. Mkononi alikuwa na keekee ya kutobolea, ile ya kuzungusha kwa mkono, na ncha yake alikuwa ameinoa asubuhi hiyo.

"Lete mkono," alisema.

Nikampa. Akakiongoza kidole changu cha shahada juu ya mti, akakitembeza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha akakirudisha nusu ya njia.

"Kidole kinajua katikati kuliko jicho. Umesikia? Hapo. Usitoe. Mimi naweka ncha kando ya ukucha, halafu wewe unatoa, halafu nazungusha. Mara moja tu, na haukosi."

Akaishusha keekee. Ncha ilitua juu ya ukucha wangu, katikati kabisa. Ilikuwa baridi.

Baba alikuwa amenielekea mimi, si mti, na alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyesamehe. "Sasa toa," alisema.

Ningeweza kutoa. Ingekuwa rahisi, ningevuta kidole kimya kimya, ncha ingeangukia popote kwenye mti, naye angezungusha na kusifu tundu. Hilo ndilo nililokuwa nimelifanya tangu Pasaka, kuondoa vitu taratibu asivikute. Lakini kama si kidole changu leo, kitakuwa chake kesho, nikiwa Umoja nawaambia watu habari za shingo. Nilikiacha pale.

"Umetoa?"

Sikujibu. Akazungusha. Ilikuwa nusu ya mzunguko, labda chini ya hapo, na maumivu yakanipanda hadi kwenye kiwiko.

"Baba," nikasema, "hicho ni kidole changu."

"Acha mchezo."

"Hicho ni kidole changu, Baba. Sikukitoa."

Mkono wake uliachia mpini. Kidole chake gumba kilishuka na chuma, polepole, mpaka kikafika kwenye ncha, na chini ya ncha kikakuta ukucha, na kando ya ukucha kikakuta unyevu. Kilikaa hapo. Nje ya ukuta mwanamke alikuwa anapita akinadi sukuma wiki na spinachi, akapita hadi sauti ikaisha, na baba bado ameshika kidole changu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Pasaka."

"Yote?"

"Si yote. Mengi."

"Na ya harusi?"

"Manne kati ya sita. Nilikuwa naziba, natoboa upya. Vile ulinifunza."

"Hayo nilikugombezea."

"Ndiyo."

Nilijua kinachofuata. Nilikuwa na maneno tayari, niliyoyapanga kwa miezi: kwamba kuna madaktari, kwamba huenda ni kitu cha kutolewa kwa siku moja, kwamba hata akiweka tezo chini bado nahitaji kidole gumba kile cha kunipapasia kazi. Nilianza, "Baba, hospitali ya macho—"

"Hospitali tutaenda," alinikata. "Haikimbii. Harusi ndiyo kesho."

Sikuelewa.

"Yule mama ameenda akisema wewe ndiye mharibifu. Kesho atawaambia watu wote ukumbini, herini zikiwa masikioni mwa bibi harusi. Na mimi nilimkubalia kwa kichwa." Aliachia kidole changu. "Wewe ulifikiria naogopa kukosea? Nimekosea nikiwa kijana mpaka nikachoka. Lakini kosa langu halijawahi kubebwa na mtu. Halafu limekuja kubebwa na mtoto wangu, na mimi niko hapo nimevaa koti. Mpigie."

"Baba, si lazima."

"Mpigie, mama."

Nilifunga kidole kwa pindo la leso, nikatafuta namba, nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Nilipompa simu aliishika juu chini. Nikaigeuza mkononi mwake, na safari hii sikujifanya nafanya kitu kingine.

Alisimama kabla ya kuongea. Shangazi alipokea katikati ya kelele za watu, nadhani alikuwa sokoni. Kuna mtu alikuwa anabishana naye juu ya maua.

"Hello? Nani?"

"Mimi ni yule mzee wa herini," baba alisema. "Nimepiga kuhusu kazi ya yule msichana. Mkono uliokosea ni wangu. Huyu wangu ndiye alizinyoosha, nami nikamgombeza mbele yenu. Macho yangu hayaoni."

Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo, kwangu wala kwa mtu yeyote. Kelele za soko ziliingia kwenye simu, zikajaa kiuwanja.

"Hello? Mzee? Kuna kelele huku, sikusikia. Ulisema nini hapo mwisho?"

Nilinyoosha mkono niichukue simu, nimsemee. Aliusukuma kando. Akavuta pumzi, akajiweka sawa kama mtu aliyeitwa kutoa ushuhuda kanisani, na akasema tena, kwa sauti iliyomfanya jirani wa juu afungue dirisha kutazama.

"Nimesema macho yangu hayaoni."